Kuchati kwa ajili ya darasa: mwongozo kamili kwa mhadhiri mwenye ukumbi uliojaa

Nafundisha takwimu mwaka wa kwanza. Darasa lina watu 180, ukumbi una feni nne na kipaza sauti kimoja chenye mafua. Nikiuliza kama kuna swali, wananyoosha mikono walewale sita wa safu ya mbele. Wengine wanainamia madaftari kana kwamba nimeuliza nani kadokoa nyama jikoni. Mhadhara ukiisha nakuta foleni mlangoni pa ofisi, watu kumi na watano, na wengi wao wana swali lilelile ambalo hakuna aliyethubutu kulitoa ukumbini.

Sababu mojawapo inajulikana ingawa hatupendi kuisema. Vyuo vyetu Tanzania vinafundisha kwa Kiingereza, ukiacha masomo ya Kiswahili chenyewe, na kijana aliyesoma shule ambako Kiingereza kiliishia ubaoni hasimami mbele ya watu 180 akaanza kutafuta maneno. Akiandika, anaweza. Anaandika, anafuta, anaandika upya, na hakuna anayemwona akifuta.

Hapo ndipo kuchati kunapoingia. Sizungumzii lile grupu la darasa linalolia usiku na mchana, matangazo ya mazishi yakichanganyika na picha za ubao. Nazungumzia kikao: watu walioketi kwa wakati mmoja, kila mtu alipo, wanaandikiana papo kwa papo juu ya swali moja kwa dakika arobaini, kisha mlango unafungwa. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona, wengi wetu tulijifunza mambo haya kwa pupa, mtandao ukishika nafasi ya darasa. Mwongozo huu ni wa jambo jingine: darasa lipo, ubao upo, na kuchati kunalisaidia darasa.

Nitasema mapema ninachokiamini, maana hatua zote zimesimama juu yake. Kikao kisichorudi darasani siku inayofuata ni bora kisiwepo. Wanafunzi hutambua haraka kama maneno yao yanakwenda mahali au yanamwagwa tu.

Hatua ya 1: Amua kikao kinafanya kazi gani

Namna ziko tatu. Ya kwanza ni kuchati mhadhara ukiendelea: wewe unasema, wao wanaandika maswali kwenye simu. Inavutia, lakini bila msaidizi anayesoma maswali hayo na kukukatiza inapobidi, utakuwa unasema huku unachungulia skrini, nao watakuwa TikTok kabla hujafika slaidi ya tano. Ya pili ni saa za ofisi kwa maandishi: unakaa hewani saa moja, anayekuja na swali anajibiwa mbele ya wote. Inapunguza foleni ya mlangoni, ila wiki za mwanzo huwa tupu na wiki ya kabla ya mtihani hujaa kama daladala ya Mbagala. Ya tatu ni mjadala wa jioni ya siku ya mhadhara, wenye swali moja lililoandaliwa.

Anza na hii ya tatu. Ndiyo pekee inayowalazimisha wanafunzi kusemezana wao kwa wao badala ya kukusemesha wewe, na ndiyo nitakayoieleza hapa chini. Mimi hufundisha Jumanne na Alhamisi, kwa hiyo kikao huwa Jumanne usiku na matunda yake huliwa Alhamisi asubuhi.

Hatua ya 2: Chagua chombo

Usitafute programu nzuri kuliko zote. Uliza walicho nacho mkononi, kisha chagua humo.

WhatsApp anayo karibu kila mwenye simu janja, na bando dogo la mitandao ya kijamii linaitosha. Grupu lake hubeba watu 1,024. Ubaya wake ni namba: ukimwingiza binti wa mwaka wa kwanza kwenye grupu la watu 180, umemgawia kila mtu humo namba yake ya simu bila kumwomba ruhusa. Telegram humruhusu mtu kuficha namba, grupu lake hufika watu 200,000, ina kura ambayo mtu hupiga bila jina kuonekana, na ina mpangilio wa kupunguza kasi unaomfanya kila mmoja asubiri, tuseme sekunde 30, kabla ya kutuma tena. Mpangilio huo umeniokoa mara nyingi kutoka kwa vijana wenye vidole vyepesi.

Moodle, mfumo wa chuo wa masomo mtandaoni, ina sifa moja kubwa: kila kitu kinabaki chuoni, na anayeandika anajulikana ni nani. Lakini kabla hujaitegemea waulize watu wa TEHAMA, kwa sababu kuanzia toleo la 5.0 la mwaka 2025 chombo cha kuchati kimetolewa kwenye mfumo wa msingi na sharti kiongezwe pembeni. Vyumba vya video kama Zoom au BigBlueButton vina kidirisha cha kuchati, ila video ya dakika arobaini hula mamia ya megabaiti, wakati maandishi matupu ya muda huohuo hula chache tu. Mwanafunzi anayesubiri bumu, yaani fedha ya mkopo, halijaingia hana bando la kuona uso wangu.

Uamuzi wangu: Telegram kwa kikao, Moodle kwa kuhifadhi. Kama darasa lako lote liko WhatsApp na halitaki kuhama, baki WhatsApp, ila grupu liwe jipya na la kazi hiyo tu. Na usiombe kuingizwa kwenye grupu lao la kila siku. Lile ni lao, humo wanakusema, na wana haki ya kukusema.

Hatua ya 3: Punguza wanaoandika

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapa. Nilifungua mlango kwa darasa zima, na dakika ya pili skrini ikawa inakimbia kama mvua ya masika barazani. Hakuna aliyemsoma mwenzake. Nilijibu swali la mtu wa tatu wakati grupu lilishafika kwa mtu wa hamsini, na jibu langu likaonekana kama kebehi kwa aliyeandika punde.

Waliobuni mambo haya walikuwa na busara kuliko mimi. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Doug Brown na David Woolley walitengeneza Talkomatic ndani ya mfumo wa kufundishia ulioitwa PLATO. Ilikuwa na vyumba sita, na kila chumba kilichukua watu watano tu. Herufi zilionekana moja moja jinsi mtu anavyobonyeza, kwa hiyo hata kusita kwako wenzako walikuona. Miaka 15 baadaye, Agosti 1988, Jarkko Oikarinen wa Chuo Kikuu cha Oulu, Finland, akaandika IRC, na vyumba vikawa havina kuta. Sisi tumerithi vyumba visivyo na kuta, basi kuta inabidi tuzijenge wenyewe.

Ninavyojenga: watu 15 ndio wanaoandika, waliobaki wanasoma. Fikiria bao pale mtaani. Wanacheza wawili, wamezungukwa na kumi, na hao kumi wanajifunza bao vizuri tu ilmradi wasiguse kete. Darasa la 180 lina zamu 12 za watu 15, na kikao kikianza wiki ya pili hadi ya kumi na tatu ya muhula, kila mmoja anapata zamu moja. Zamu moja ni chache, nakubali. Ukiwa na TA, yaani mhadhiri msaidizi, anayeweza kuendesha grupu la pili usiku uleule, zinakuwa mbili, na ndivyo tunavyofanya sasa.

Wa zamu kila mmoja ana namba, 01 hadi 15, na kila ujumbe unaanza na namba hiyo. Orodha ya namba na majina ninayo mimi na TA. Wasomaji hawaandiki, ila wanapiga kura mwanzoni na mwishoni. CR, yaani kiongozi wa darasa, anapewa uadmini wa kufuta ujumbe wa msomaji aliyeponyoka.

Hatua ya 4: Panga saa, na uiandike vizuri

Saa tatu usiku ndiyo iliyotufaa. Wanaokaa mbali wameshashuka kwenye gari, swala ya isha imepita, na wa hosteli wameshapika. Mwezi wa Ramadhani nasogeza hadi saa nne, tarawehe ikishaisha. Wiki ambayo watu wana jaribio la somo jingine asubuhi yake, naahirisha bila kinyongo.

Tangazo liandike kwa saa zote mbili: "saa 3:00 usiku, yaani 21:00". Niliwahi kuandika "8:00" nikimaanisha saa mbili usiku kama saa ya simu inavyoiita nikisahau kuibadili, nusu ya zamu ikaingia saa nane mchana ikanisubiri, ikaondoka, na usiku nikabaki na watu saba na maelezo mengi.

Dakika arobaini zinatosha. Baada ya hapo hoja zinakwisha na vichekesho vinaanza.

Hatua ya 5: Tengeneza swali

Hii ndiyo hatua inayostahili muda wako kuliko zote. Mimi huipa saa nzima, na dakika arobaini za kikao huenda kama maji.

Swali baya ni lile lenye jibu kwenye desa, yaani nakala za notisi. "Eleza tofauti kati ya wastani na mediani" (mediani ni namba ya katikati ukizipanga kwa ukubwa) litajibiwa na wa kwanza kwa kunakili ukurasa wa nne, na wengine kumi na wanne wataandika "nakubaliana na mwenzangu". Swali zuri lina pande mbili ambazo mtu mwenye akili anaweza kusimama upande wowote, lina namba chache za kuchezea, na linatoka kwenye maisha ambayo wote wanayajua. Hili ndilo ninalolipenda zaidi:

"Duka lina watu watano. Wanne wanalipwa kwa mwezi shilingi 150,000, 180,000, 200,000 na 220,000. Mwenye duka anajilipa 2,250,000. Anabandika tangazo la kazi: wastani wa malipo hapa ni laki sita. Amesema uongo?"

Liandike mapema kwenye simu, pamoja na vidokezo vitatu vya kusukuma mjadala ukikwama, na ujumbe wa kufunga. Ukianza kutunga saa tatu usiku, utatunga huku unasomwa. Swali litumwe Jumanne mchana pamoja na kura isiyo na majina: uongo, si uongo.

Hatua ya 6: Endesha

Kwanza salamu. Usicheke, hili limekula vikao vyangu viwili vizima. Watu kumi na watano wakiingia, kila mmoja ataandika "Shikamoo madam", na huwezi kumwacha mtoto wa watu na shikamoo yake hewani. Kumi na tano wanaamkia, wewe unaitikia marahaba kumi na tano, kisha watatu waliochelewa wanaanza upya katikati ya hoja. Utaratibu wetu sasa: CR anaamkia kwa niaba ya wote saa tatu kamili, naitikia "Marahaba nyote", na anayechelewa anaingia kimyakimya kama anayekuta hotuba ya Ijumaa imeshaanza.

Kanuni nyingine natuma kwa ujumbe mmoja uliobandikwa juu ya grupu. Hakuna ujumbe wa sauti wala picha. Ukimjibu mtu, vuta ujumbe wake ili tujue unamjibu nani. Hoja ndefu ikate vipande, kila kipande kiishie na nukta tatu, na cha mwisho alama ya #, ili wenzako wajue umemaliza. Andika kwa Kiswahili, Kiingereza au mchanganyiko. Kuhusu makosa ya tahajia hatusemi kitu.

Halafu nyamaza. Hii ni ngumu kuliko inavyosikika. Ukishatuma swali, hesabu dakika tatu kwa saa ya ukutani bila kugusa simu. Kimya cha kuchati hakifanani na cha ukumbini; mara nyingi watu kumi wanaandika kwa wakati mmoja. Mhadhiri anayejibu kila ujumbe unaoingia amehamisha mhadhara tu, na kesho yake ukiyapekua mazungumzo utakuta nusu ya maneno ni yake.

Nitakuonyesha kipande cha kikao kimoja kama kilivyokwenda, nimepunguza tu ujumbe wa katikati:

07: Hajadanganya. 3,000,000 gawa kwa 5 ni 600,000 #
11: Kadanganya. Hakuna hata mmoja anayelipwa laki 6 pale #
03: 11 hesabu si iko sawa, sasa uongo uko wapi
11: Uko kwa anayeomba kazi. Atakuja na hesabu za laki 6 apewe laki 2...
11: ...tena atakuwa kashaacha kazi ya zamani #
09: Mwenye duka atolewe, yeye si mfanyakazi
07: Ukimtoa inakuwa 187,500
09: Ndo ukweli sasa
14: Samahani, na kama anafanya kazi dukani kila siku na kujilipa mshahara? Sababu ya kumtoa ni ipi zaidi ya kwamba hatumpendi?
MWL: Wote simameni. 14 kauliza jambo. 09, mjibu.
09: Kwa sababu yake iko mbali sana na wengine
14: Kuwa mbali ni kosa?
03: Basi tusimtoe. Tuchukue mediani, 200,000. Hata akijilipa milioni 10 mediani inabaki palepale #
11: Eeh!

Mimi nimesema mara moja tu. Swali la 14, kwamba huna ruhusa ya kuitupa namba kwa sababu tu iko mbali na wenzake, ndilo nililokuwa nimelipanga kwa mhadhara wa wiki mbili mbele. Na 14 alikuwa mmoja wa wale wanaoinamia daftari. Sauti yake sikuwa nimeisikia tangu muhula uanze.

Neno "simameni" ni silaha ya pili baada ya kimya. Kuchati kuna tabia ya kusuka nyuzi tatu kwa pamoja: wawili wanabishana hesabu, watatu wanabishana maana ya uongo, mmoja anauliza mtihani ni lini. Ukiona hivyo, simamisha, taja uzi mmoja unaoendelea, mingine iambie isubiri. Kama una uadmini, funga grupu kwa dakika moja admini peke yao waandike, tuma muhtasari wa mstari mmoja, fungua tena. Ila usifunge zaidi ya mara moja kwa kikao. Ukizidisha, wanaanza kuandika kwa kukuogopa.

Mtu wa zamu aliyekaa kimya hadi dakika ya 25, mtaje kwa namba na umpe kazi nyepesi: "05, hesabu mediani ya wale wanne bila mwenye duka." Usimuulize anaonaje. Anaona wasiwasi.

Dakika tano za mwisho rudisha Kiingereza. Mtihani utakuja kwa Kiingereza, na mwalimu anayewaachia raha ya Kiswahili usiku kisha awatelekeze mbele ya karatasi ya mtihani hajawatendea haki. Kila wa zamu anaandika sentensi moja ya Kiingereza kama ambavyo angeiandika kwenye mtihani, ikisema kilichoamuliwa. Wengi huiandika vizuri kuliko nilivyotazamia, kwa sababu wazo lenyewe wameshalielewa na kilichobaki ni kulivalisha. Kisha kura ya pili, na mlango unafungwa saa tatu na dakika arobaini, hata kama kuna mtu alikuwa katikati ya hoja. Hasa kama kuna mtu alikuwa katikati ya hoja: Alhamisi atakuja ukumbini nayo.

Hatua ya 7: Rudisha darasani

Usiku uleule, kabla sijalala, nahamisha mazungumzo kwenye faili la maandishi. WhatsApp ina sehemu ya kuhamisha chati bila picha. Telegram hufanya hivyo ukiwa kwenye kompyuta. Nasoma na kalamu. Natafuta mistari mitano: hoja nzuri mbili, kosa moja ambalo wengi walilipita bila kuliona, swali moja ambalo halikujibiwa, na sentensi moja ya Kiingereza inayohitaji kunyooshwa.

Alhamisi mistari hiyo ndiyo slaidi ya kwanza, yenye namba na bila majina. Wenye namba zao wanajijua, na utawaona wakikaza mgongo. Nasahihisha kosa, naandika swali lisilojibiwa ubaoni, na mhadhara unaanzia hapo. Katika kikao kile cha duka kosa lilikuwa la 09: ukimtoa mwenye duka, lazima useme umemtoa na kwa nini, vinginevyo na wewe umebandika tangazo la uongo. Nilitumia dakika kumi kwa hilo, na naamini ni dakika kumi zilizoeleweka kuliko zote za muhula, kwa sababu ubishi ulikuwa wao.

Karatasi ya muhtasari, ukurasa mmoja, inakwenda Moodle, na nakala moja inaachwa steshenari wanakotoa madesa, kwa wale ambao bando halikuwafikisha Jumanne.

Alama

Mwaka wa kwanza wa jaribio hili nilitoa alama kwa idadi ya ujumbe. Sitarudia. Nilipata "sahihi kabisa", "upo vizuri mwenzangu" na vidole gumba kwa mamia. Sasa kosiweki yetu, yaani kazi za muhula, ya alama 40 ina alama 5 za kuchati, na hazihusu ujumbe ulioandika usiku ule. Wiki moja baada ya zamu yako unaleta aya moja: hoja gani ya mwenzako ilikubadilisha mawazo, au kwa nini haikukubadilisha. Wanaonakiliana hujulikana mara moja, kwa sababu mazungumzo ninayo.

Wasio na simu, wasioona, wasiosikia

Kila mwaka kuna wachache wenye kiswaswadu, simu ndogo ya vitufe. Hao nawapanga wawili wawili na mwenye simu janja, na namba yao inaandikwa kwa mkwaju: 06/12. Wamekaa kitanda kimoja hosteli wanabishana kabla ya kuandika, na mara nyingi ujumbe wao ndio uliopikwa vizuri zaidi. Usimlazimishe mtu kukopa simu kwa ajili ya alama 5.

Asiyeona anayetumia programu ya kusoma skrini anafuata mazungumzo ya maandishi bila shida, ilimradi hakuna aliyetuma picha ya daftari. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kukataza picha. Hesabu ziandikwe kwa mstari, mfano 3,000,000/5. Asiyesikia, ambaye ukumbini anategemea mkalimani au daftari la jirani, hapa yuko sawa na wengine wote. Nilipokuwa nasitasita kuendelea na mambo haya, hoja hiyo peke yake ilinitosha.

Mipaka

Mhadhiri na wanafunzi, usiku, kwenye simu: lazima tulizungumze bila kumung'unya. Rushwa ya ngono imo kwenye sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, na sote tunajua kwa nini ilibidi iandikwe. Kwa hiyo kwenye grupu kuwe na mtumishi wa pili wa idara daima. Hakuna kumfuata mwanafunzi inboksi baada ya kikao, hata kwa kumpongeza. Pongezi ina ukumbi wake Alhamisi. Mwanafunzi akikuandikia inboksi swali la somo, mjibu kwamba utalijibu grupuni, kisha lijibu grupuni bila jina lake.

Taarifa nazo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023. Kenya wana yao ya 2019. Waambie wanafunzi siku ya kwanza kwamba mazungumzo yanahifadhiwa, na nani, hadi lini, na kwa kazi gani. Ukitaka kuyatumia kwa utafiti au kwa darasa la mwakani, omba ruhusa na uondoe namba na majina. Kipande cha duka nilichokionyesha hapo juu kilipita njia hiyo.

Mtandao ukigoma

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota pwani yote ya Afrika Mashariki. Huhitaji janga la ukubwa huo. Umeme wa mtaa ukikatika kwa saa mbili inatosha. Kwa hiyo swali la Jumanne huwa nalichapa kwenye vipande vya karatasi, watu wanne karatasi moja, navitia kwenye mkoba. Kikao kikishindikana usiku, Alhamisi wa zamu wanakaa mbele na kuandikiana kwa kalamu, karatasi ikizunguka, bila kufungua mdomo, dakika kumi na tano. Inaonekana kichekesho hadi utakapoijaribu.

Muhula ukiisha, baada ya karatasi ya mwisho ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, natangaza tarehe ya kufunga grupu, nahifadhi mafaili, na siku hiyo nalifuta. Walio na la kuniambia bado wana mlango wa ofisi. Siku hizi foleni ni ya watu watatu au wanne, na wanakuja na maswali tofauti.